Gari Haina Athi

Juzi gari ya mtu ilichemka mbele ya meza yangu ya ndimu, pale Mwanakwerekwe. Dereva alifungua boneti, mvuke ukamrukia usoni, na ile harufu ikanifikia kabla sijageuka: mpira uliopikwa, kutu, na utamu fulani kama shira iliyoungulia chunguni. Watu wakaanza kumcheka na kumpa nasaha ambazo hakuomba. Mimi nikajikuta nimejishika paja.

"Bi Rukia, umepatwa na nini?" akaniuliza jirani yangu anayeuza mbatata.

"Sina kitu."

"Huna kitu na rangi imekutoka?"

Nikazipanga upya ndimu zangu. Sijamjibu mtu yeyote kwa jambo hili. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano, na la tano lenyewe nusu. Wakubwa wenzangu wakiniuliza kwa nini, mtoto wa mjini, karibu na skuli, mimi huwaambia "mipango ya Mungu", wananyamaza. Mungu nimemsingizia sana. Walionitoa skuli nawajua kwa majina. Wengine washatangulia, wengine wako hai na wananunua ndimu kwangu.

Baba yangu, Mzee Nassor, alikuwa dereva wa mikate. Kulikuwa na tanuri Malindi, na kila asubuhi baada ya sala gari ilipakiwa makreti, naye akaenda akiyashusha madukani kwa njia ya kaskazini, Mtoni, Bububu, Chuini, mpaka Mangapwani na Bumbwini. Gari ilikuwa yake, mikate ya tanuri. Ilikuwa ile van ya Kijapani ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele. Ukikinyanyua kiti cha abiria unaikuta imo humo kama sufuria juu ya mafiga. Anayekaa hapo anakaa juu ya moto, kinachomtenga nao ni kiti tu na zulia.

Injini ya zamani ikafa. Baba akapata nyingine, kubwa kuliko ile, iliyotolewa kwenye gari iliyogongwa, akampa fundi Mbaraka aibadilishe.

Huyu ndiye wa kwanza, Mbaraka. Alikuwa mnene, mcheshi, anacheka kwanza ndipo aseme. Kabla ya kuingia kwenye magari alikuwa fundi bomba, na nusu ya nyumba za Mji Mkongwe maji yao yamepita mikononi mwake. Mikono ile ile aliileta kwenye injini. Mtu aliyekaa na mabomba miaka yote hiyo huogopa kitu kimoja duniani, nacho ni kuvuja.

Siku aliyotukabidhi gari nilikuwepo. Baba alitia ufunguo, injini ikawaka kama haikuwahi kufa. Mbaraka akaingiza kichwa dirishani akanionyesha geji ya moto, kidirisha kidogo chenye mshale mwekundu, huku imeandikwa C, huku H.

"Unajua kusoma weye?"

"Nnajua. Niko darasa la tano."

"Haya. C ni chema, H ni hatari. Mshale ukiwa kwenye C, lala usingizi."

Nilimwamini. Nilikuwa naujua msahafu kuliko Kiingereza, na H kwangu ilikuwa hatari au haramu, hakuna la tatu.

Tukazunguka mjini, mshale haujanyanyuka hata unywele. Mbaraka akapiga kofi mlangoni. "Poa kabisa!" akasema. Neno lile lilikuwa jipya kwetu, vijana walikuwa wamelileta kutoka Dar, na bibi yangu alilichukia. Kwake kilichopoa ni uji na maiti. Lakini mtaani kila mtu alikuwa poa, na mshale wa baba ukawa poa pia, poa asubuhi, poa mchana, poa tukipanda na mikate, poa tukishuka na makreti matupu. Nani atautilia shaka mshale unaosema poa? Baba alijisifu barazani kwamba kapata injini haijui moto.

Siku ya nne, Jumapili isiyo ya skuli nami nimo garini, ikachemka Chuini. Mvuke ulitoka chini ya kiti kama mtu aliyefunua sufuria ya biriani, na mshale bado uko kwenye C, umelala, hauna habari. Tukaomba maji ya kisima nyumba ya karibu, tukangoja, tukatia. Injini ikapona, na njia ya kurudi mshale ukaruka mara mbili kwenye mashimo ukalala tena, nami nikamwambia baba. Mikate ya kreti moja ikalowa.

Jioni ile baba aliniita.

"Rukia!"

"Labeka, baba."

"Kesho utakwenda na mimi. Mshale ule una wazimu, mara unanyanyuka mara unalala. Mimi natazama njia. Nnataka jicho."

"Na skuli?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Siku mbili tatu, mpaka Mbaraka aitengeneze."

Mama alikuja mpaka mlangoni akiwa na mwiko mkononi. Alimtazama baba kwa muda mrefu, naye baba akatazama mkeka. Kisha mama akarudi jikoni. Nilidhani anaogopa mchuzi kuungua. Mama yangu, Bi Shemsa, Mungu amrehemu, ni wa pili katika orodha yangu, na sababu yake itakuja.

Siku ya kwanza nilivaa sare. Nilijidanganya tutarudi mapema nikimbilie vipindi vya mwisho. Nikakaa juu ya injini na ushungi wangu mweupe, daftari kwenye mapaja, macho kwenye kidirisha. Kiti kilikuwa cha plastiki, kinashika ngozi. Tulipofika Bububu mapaja yangu yameiva, na tuliporudi mjini skuli imeshafungwa, wenzangu wananipita njiani wakila embe mbichi kwa pilipili.

"Rukia."

"Labeka."

"Uko wapi?"

"Kwenye C, baba."

"Umetulia?"

"Umetulia."

Kila mwendo mdogo ananiuliza. Mwanzo niliona mchezo. Wiki ya pili nilikuwa nikisikia jina langu natamani kuziba masikio. Sare nikaiacha nyumbani. Mshale ulikuwa na tabia ya mgonjwa mwongo: tukipita kwenye shimo unaruka mpaka katikati, mimi napiga kelele "Umenyanyuka, baba!", mbele kidogo unalala tena. Ukweli makalio yangu ndiyo yaliyokuwa geji. Yalijua moto kuliko kidude kile, lakini nani atakiuliza kiti cha mtoto?

Tukarudi kwa Mbaraka. Akakinyanyua kiti, akafungua kile kidude kidogo kama skrubu kinachozamishwa ndani ya injini kuonja maji, ambacho mafundi hukiita sensa. Waya mmoja unatoka kichwani kwake unakwenda kwenye geji. Akakitupa, akaleta kipya. Kabla hajakitia akatoa mfukoni tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba, akakizungushia kwenye nyuzi zake, zile hesi za skrubu, mara tatu, nne, taratibu, analamba kidole.

"Unakivisha kilemba?" nikamuuliza.

"Kisivuje, mwanangu. Nyuzi bila tepu ni kama bi harusi bila kanga."

Baba akacheka. Mshale ukanyanyuka siku ile. Nilipiga pasi sare yangu mwenyewe kwa mkaa, nikaitundika mlangoni. Asubuhi yake, kabla hata ya Mtoni, ukalala.

"Hii sasa ya waya," Mbaraka akasema. "Mimi mtu wa chuma. Waya una mwenyewe, kamtafute." Akakionyesha kwa kidevu kibanda cha pili.

Mwenyewe ni Hemedi, wa tatu. Mwembamba, mjuaji, koti la buluu lina kalamu mfukoni ingawa sikumwona akiandika. Kibanda chake na cha Mbaraka vilitazamana mlango kwa mlango, na wao hawasemezani, kwa sababu ya spana namba kumi na nne iliyopotea sijui mwaka gani. Kila mmoja alisema mwenzake kaila. Hemedi akifungua gari Mbaraka anakwenda kunywa kahawa. Mbaraka akifungua, Hemedi anageuza kiti anampa mgongo. Kwa hivyo hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini. Watu wazima wawili, gari moja, na mimi mtoto niko katikati nimeyaona yote, wala hakuna anayeniuliza.

Hemedi aliuchomoa waya kwenye sensa, akaugusisha kwenye chuma cha injini.

"Mtoto, tazama!"

Mshale ukaruka mpaka H ukagonga. Nikapiga ukelele.

"Geji nzima," akasema. "Waya mzima." Akaurudisha waya kichwani kwa sensa, mshale ukalala. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akasimama, akafuta mikono, akamtazama baba kwa masikitiko kama daktari.

"Mzee Nassor, gari yako haina athi."

Mimi nikasikia ardhi.

Nikueleze. Nyumbani kwetu neno ardhi halikusemwa kwa sauti. Babu alikuwa na mashamba ya karafuu na minazi, na mashamba yalikwenda na Mapinduzi, kama ya watu wengi wenye rangi na majina kama yetu yalivyokwenda. Baba alikua anayasikia, mimi sikuyaona. Bibi akilitaja neno lile hushusha sauti na mama hubadilisha mazungumzo. Sasa huyu mtu mwenye kalamu isiyoandika anasimama mbele za watu anasema sisi hatuna ardhi! Nikamtolea jicho. Nikamtazama baba, nikangoja amjibu.

Baba alipangusa jasho kwanza. Halafu akasema, "Si gari tu, Hemedi. Na mwenyewe pia."

Hemedi akacheka mpaka akashika ukuta, na baba akacheka. Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya matairi, kwa hasira ya kuona baba yangu anachekea msiba wetu na mtu wa nje. Nilikuja kujua baadaye kwamba athi ni njia ya umeme kurudia, kwamba kila kitu ndani ya gari lazima kishikane na chuma cha mwili wake, kisiposhikana hakisemi. Lakini siku ile nilimchukia Hemedi kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyoyafanya kweli yalikuwa mengine.

Alifunga waya mnene mweusi kutoka kwenye injini mpaka kwenye bodi. "Athi hiyo, mpaka Kiyama." Athi ile ilifika Jumatano. Akafunga wa pili. Akaleta geji nyingine ya gari nyingine, nayo ikalala vile vile. Mbaraka akabadilisha sensa tena, akaivisha kilemba chake, safari hii mikunjo sita. Kila mmoja alikuwa anamlaani mwenzake kwa baba, baba anasema "inshaallah", na siku mbili tatu zimekuwa wiki nne.

Ndipo mwalimu akaleta salamu. Bi Zuleikha, wa nne. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa, na nilimpenda. Ndiyo maana jina lake linaniuma. Hakuja mwenyewe. Alimtuma mtoto wa jirani: kama Rukia haonekani darasani Jumatatu ijayo atafutwa kwenye rejista, kuna mtoto mwengine anangojea nafasi yake. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na kichochoro kimoja. Angeweza kuvuka akauliza kuna nini. Alituma salamu.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Jumatatu mbali."

Siku ile, Jumanne, ilikuwa tena zamu ya Hemedi. Kanyanyua kiti, anatukana waya. Mimi nimesimama juu yake, nimechoka kuogopa wakubwa.

"Ami Hemedi, athi ni nini?"

"Chuma kushikana na chuma. Kidude hiki kimeshikana na injini, injini imeshikana na bodi. Ndiyo athi."

"Hakijashikana."

"Nani kakwambia?"

"Kina kilemba. Mbaraka hukifunga tepu nyeupe kila akikitia. Chuma hakigusi chuma."

Hemedi alinitazama. Akashika spana, akaifungua sensa upesi upesi, maji yakamwagika, akaitoa. Pale kwenye nyuzi tepu imejaa, nyeupe, nzito kama bandeji ya kidonda. Mahali ilipochanika kidogo ndipo mshale ulipokuwa ukipatia sauti tukipita kwenye mashimo.

"La haula!" akasema. "Fundi bomba!" Akalipiga paji la uso wake, akatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu spana ipotee akamwita Mbaraka kwa jina. "Mbaraka! Njoo uone ulivyoifunga gari ya watu kitambaa cha pua!"

"Bila hivyo inavuja!"

"Na ivuje ilie! Wiki nne!"

"Na weye fundi waya wiki nne umekosa kukitoa ukakitazama? Au ulikuwa unaiandika?"

Waliendelea hivyo, lakini mimi sikuwasikiliza. Hemedi aliichuna tepu kwa kisu, akaitia sensa tupu, akaikaza. Haikuvuja hata tone. Baba akawasha. Nilikaa nikautazama mshale ukinyanyuka pole pole, kama mtu anayeamka kitandani, mpaka katikati, ukasimama. Katika maisha yangu sijafurahia kitu kama mshale ule. Nilitoka kwenye gari nikaruka, na Mbaraka naye akacheka akaniita injinia. Dakika kumi za kazi. Mwezi wa maisha yangu ulikuwa umekwama kwenye kipande cha tepu.

"Baba, kesho skuli."

"Tuijaribu kwanza siku mbili," akasema.

Jumatano mshale ulikuwa sawasawa. Unapanda, unasimama katikati, unaeleweka. Baba bado ananiita.

"Rukia, uko wapi?"

"Katikati, baba. Si unauona?"

"Natazama njia."

Alhamisi tulisimama dukani Bububu, injini inanguruma, makreti yanashushwa nyuma. Njia ya kutazama haipo, mbele yetu ni ukuta tu. "Uko wapi?" akaniuliza. Nikamjibu, lakini kitu kikaniingia kifuani kikakaa. Nikakumbuka anavyonipa sindano nimtilie uzi akishona kandambili. Nikakumbuka mama na mwiko wake mlangoni. Usiku sikumuuliza mtu. Niliogopa jibu. Kama tatizo ni tepu, Jumatatu naingia darasani. Kama tatizo ni jingine, sijui.

Basi Ijumaa nikamfanyia baba mtihani.

Tulikuwa tumeshapita Chuini, tunakwenda Mangapwani. Jua limepanda, gari imejaa. Injini ile ilikuwa kubwa na rejeta inayoipoza ni ya zamani, ndogo. Hilo nalo kosa la Mbaraka. Mshale ukapita katikati. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikasema moyoni: akiuona mwenyewe, narudi skuli. Nitangoja auone.

Ukapanda. Kiti kikaanza kuniunguza, nikahamisha mguu mmoja, nikahamisha wa pili. Baba alikuwa anaimba kasida kwa pua. Mshale ukafika karibu na H. Nikaacha kuutazama, nikamtazama yeye. Na kweli, wallahi, aliyainamisha macho kwenye dashibodi. Aliitazama geji ile moja kwa moja, kwa muda wa kuisoma mara tatu. Mshale mwekundu umekaa juu ya H. Akanyanyua uso akaendelea na kasida yake.

Kisha: "Rukia, uko wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Darasa langu lilikuwa limeniondokea pale pale, mbele ya macho yangu, na mtu aliyeliondoa ananiuliza uko wapi. Nikasema:

"Poa, baba."

"Alhamdulillahi."

Hatukufika mbali. Kishindo kilitoka chini yangu, mpira mkubwa wa maji umepasuka, na maji ya moto yakapita kwenye zulia na kiti yakanishika paja. Kovu lake lina umbo la kisiwa, ninalo mpaka leo. Baba alinivuta kwa upande wake, akaniangusha kwenye majani, akanibeba, akaniweka kivulini.

"Ulikuwa unatazama wapi?" akapiga kelele. "Rukia! Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, baba."

Alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Aliniangalia kwa macho yale, na kwa mara ya kwanza nikaona yalivyo na ukungu katikati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Gari zikija alikuwa akiziona, na nyumba, na watu. Vitu vidogo ndivyo vilivyokuwa vimemtoka. Mama alijua. Wenye tanuri wangejua, wangempa mwengine mikate, na yeye kazi nyingine hakuwa nayo, wala shamba la kurudia.

Wanawake wa Mangapwani walinichukua barazani, wakanimwagia maji baridi na kunifunika kanga iliyorowa. Dereva aliyekuwa akishuka mjini akapeleka habari, na haukupita muda mrefu Mbaraka akaja na pikapu ya kuazima. Watu wameshajaa. Kila mmoja ana la kusema juu ya mafundi wa siku hizi. Nikajikokota mpaka mlangoni kwa gari, sikutaka wazungumze bila mimi.

"Washa swichi, mzee, nitazame," Mbaraka akasema, kichwa dirishani.

Baba akazungusha ufunguo. Injini haikuwaka, lakini chuma kilikuwa bado cha moto na geji ilikuwa nzima. Mshale ukanyanyuka, ukapita katikati, ukasimama karibu na H. Nauona mimi, anauona Mbaraka.

"Ushaona?" baba akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, kidole kimeielekea geji. "Umelala pale pale kwenye C. Mwezi mzima unanichezea, Mbaraka. Leo umeniunguzia mwanangu."

Mbaraka aliutazama mshale. Akakitazama kidole cha baba. Akanitazama mimi, nami nikainamisha uso. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza, na safari hii hakucheka. Alipitisha mkono, akazima swichi mwenyewe kabla mtu mwengine hajasogea kuchungulia, mshale ukaanguka.

"Kweli, mzee," akasema. "Umelala. Kosa langu."

"Amwombe radhi!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Niwie radhi, Mzee Nassor." Akageuka kwangu. "Na weye niwie radhi, injinia."

Habari ile ilifika mjini kabla yetu: Mbaraka kaua geji, kachoma mtoto. Ilimfuata miaka. Watu walipeleka gari zao kwengine, na Hemedi hakuwahi kufungua mdomo kusema kwamba Jumanne ile aliiacha geji ikiwa nzima. Na mimi pia niliisema hivyo hivyo, kwa kila aliyeliuliza kovu langu. Tepu yake sijamsamehe. Lakini lile la Mangapwani nililomtwisha halikuwa lake.

Tulirudi nyuma ya pikapu, mimi na Mbaraka na makreti. Baba alikaa mbele na dereva. Tulipofika Mtoni Mbaraka akaniuliza.

"Ulikuwa wapi mshale?"

"Kwenye H."

"Mzee alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Nikavuta kanga juu ya paja. Akatazama barabara inavyotukimbia nyuma.

"Basi si uwongo," akasema, kidole kimenielekea mimi. "Geji ilikuwa mbovu."

Jumatatu nilikuwa kitandani na paja limepakwa asali. Bi Zuleikha akanifuta. Baba alipata rejeta kubwa, gari ikarudi njiani, na mguu ulipopona hakuna aliyeniambia nirudi kwenye kiti. Niliamka mwenyewe alfajiri nikapanda. Mama alinipa kitambaa cha kukalia. Nilikaa pale miaka mitatu mingine, mpaka baba akaacha kuendesha kabisa. Hakuniuliza tena mshale uko wapi. Nilikuwa nikimwambia kabla: uko katikati, baba. Baiskeli kushoto. Kuna ng'ombe kafungwa karibu. Mtoto anavuka, baba, punguza, punguza, haya sasa nenda.